Ugonjwa wa Siliaki: Ngano Inapomdhuru Mlaji

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Katika nyumba nyingi za Mombasa siku huanza kwa ngano. Ni mahamri kwa mbaazi, chapati kwa maharagwe, au vipande viwili vya mkate kwa chai ya maziwa. Anayetoka Mtongwe kuwahi feri alfajiri hununua mahamri njiani. Kijana wa bodaboda kule Bamburi husimama kibandani akala chapati, na kibarua wa Chaani hufanya vivyo hivyo kabla ya kuingia kazini. Jioni huja sambusa na viazi karai, na siku ya harusi huja bokoboko. Ngano yenyewe, kwa sehemu kubwa, haitoki mashambani mwa Kenya. Huletwa kwa meli na kuteremshwa papa hapa katika Bandari ya Mombasa.

Kwa watu wengi chakula hicho hakina neno. Lakini wapo wachache ambao ngano hiyo hiyo huwaharibu utumbo kidogo kidogo, kwa miaka, wenyewe bila kujua. Ugonjwa huo huitwa siliaki. Yanayofaa kushikwa katika mazungumzo haya ni mambo mawili: mwenye shaka apimwe kabla ya kuacha mkate, na akithibitika kuwa nao, jiko la Pwani lina chakula cha kumtosha bila gharama kubwa, mradi kisichanganywe na ngano.

GLUTENI NI KITU GANI

Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini inayojulikana kama gluteni. Ndiyo inayolifanya donge la chapati livutike bila kukatika, na ndiyo inayoushika mkate ukaumuka. Mtu akitaka kuiona, achukue donge dogo la unga wa ngano alikande ndani ya bakuli la maji. Maji yatageuka meupe kwa wanga unaotoka, na mkononi kitabaki kipande kinachonata na kuvutika kama ulimbo. Hicho, kwa sehemu kubwa, ndicho gluteni. Donge la unga wa mchele au wa muhogo likifanyiwa hivyo husambaa majini lisibaki kitu.

Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui. Katika kupambana nayo huujeruhi ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula kiingie kwenye damu. Gluteni inapoendelea kuliwa, vinyweleo hivyo hulala na kwisha, kama zulia lililochakaa. Hapo mtu hula akashiba, lakini mwili hubaki na njaa.

Ugonjwa huu hauambukizi. Kula sahani moja na mgonjwa, kunywa kikombe kimoja naye au kulala naye kitanda kimoja hakumpi mtu siliaki. Hausababishwi na uchawi wala jicho. Huhusiana na asili ya mtu, ndiyo sababu huonekana zaidi ndani ya jamaa wa damu: mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya 10 wa kuwa nao pia. Wenye kisukari cha aina ya kwanza nao huupata zaidi kuliko watu wengine.

Wako wanaodhani haya ni maradhi ya Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba ulianza kujulikana Ulaya, na makadirio ya dunia nzima ni kama mtu mmoja kati ya 100. Lakini kiwango kikubwa kabisa kilichopata kuripotiwa kilionekana Afrika, miongoni mwa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi. Uchunguzi wa damu wa watoto wao, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 walikuwa na siliaki.

ULIVYOJULIKANA

Mwaka 1888 daktari wa London, Samuel Gee, alieleza vizuri hali ya watoto waliokuwa wakiharisha na kukonda, akasema kama kuna dawa basi itakuwa katika chakula. Ni chakula gani, hakujua. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Marekani waliwalisha watoto hao ndizi kwa wingi, na wengi walipata nafuu. Watu wakaisifu ndizi, kumbe kilichowasaidia watoto ni kwamba hawakupewa mkate.

Jibu lilitoka Uholanzi. Willem Dicke, daktari wa watoto, alikuwa ameshaishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 nchi yake ilikumbwa na njaa, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengine walidhoofika, lakini wale wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke aliandika matokeo yake, na tangu hapo tiba ya ugonjwa huu ni ile ile: kuacha gluteni maisha yote. Hadi leo hakuna kidonge wala sindano inayochukua nafasi ya hilo.

DALILI ZINAZOFANANA NA MARADHI MENGINE

Kwa mtoto, mara nyingi mambo huanza baada ya kuanza kulishwa biskuti, mkate au chapati iliyolowekwa kwenye chai. Tumbo hujaa na kutokeza mbele huku mikono na miguu ikikonda. Huharisha mara kwa mara, kinyesi hutoka kingi, cheupe kiasi na chenye harufu kali. Huwa mkali na hataki kucheza. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa uzito ambao ulikuwa ukipanda hulala au kushuka.

Kwa mtu mzima dalili huwa nyingi na zinazopotosha. Kuna tumbo kujaa gesi, kuharisha au hata kufunga choo, uchovu usioisha, vidonda vya mdomoni vinavyorudi, maumivu ya mifupa, upele wa malengelenge unaowasha viwikoni na magotini. Wanawake wengine hupata shida ya kushika mimba au mimba kuharibika. Wapo wasioumwa tumbo kabisa, ila damu yao ni pungufu. Hupewa vidonge vya kuongeza damu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na damu haipandi kwa sababu utumbo hauyafyonzi madini ya chuma.

Tatizo ni kwamba karibu kila moja ya dalili hizi ina sababu nyingine ya kawaida zaidi hapa Pwani. Kuharisha huletwa na maji machafu, amiba na minyoo. Kukonda huletwa na kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Upungufu wa damu huletwa na malaria, safura na selimundu. Kwa hiyo ni sawa mhudumu wa afya kuanza na hayo. Kosa ni kukomea hapo. Mtoto aliyekwisha kupewa dawa za minyoo na za amiba mara kadhaa, vipimo havina kitu, na bado hakui, anastahili kuulizwa swali lingine: je, ni ngano?

Ikipuuzwa, siliaki ina madhara. Mtoto hudumaa na kimo alichopoteza huenda kisirudi chote. Mifupa hupungua nguvu na kuvunjika upesi. Na ingawa hutokea kwa nadra, baada ya miaka mingi utumbo uliojeruhiwa huweza kupata saratani. Watu wengine huficha kwa kuona haya kuzungumzia habari za choo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

KUPIMA KABLA YA KUACHA

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu husikia kwa jirani kwamba ngano ni mbaya, huacha mkate, hupata nafuu kidogo, kisha ndipo huenda hospitali. Kipimo kinatoka safi, kumbe ugonjwa upo. Kipimo cha damu hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza kwa ajili ya gluteni. Gluteni isipoliwa, askari hao hupungua na kipimo hukosa cha kuonyesha. Anayetaka kupimwa aendelee kula ngano kila siku kama kawaida. Aliyekwisha kuacha, daktari huweza kumtaka airudie kwa muda wa wiki sita hivi kabla ya kutolewa damu.

Njia ni kuanzia karibu na nyumbani: zahanati au kituo cha afya cha mtaa, kisha hospitali ya kaunti ndogo kama ile ya Likoni au ya Port Reitz. Mgonjwa aeleze dalili zimeanza lini, amekwisha kutumia dawa gani, na kama kuna jamaa mwenye hali kama hiyo. Kipimo chenyewe huenda kikahitaji maabara kubwa, na daktari ataelekeza wapi. Damu ikionyesha dalili za ugonjwa, kwa kawaida mtu mzima hupelekwa kwa daktari bingwa kufanyiwa endoskopi. Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo, na kinyama kidogo sana huchukuliwa kikaangaliwe kwa hadubini. Aliyejisajili na SHA aulize mapema ni vipimo vipi vinavyolipiwa, ili asishtukie bili.

Na asiye na ugonjwa huu asiache ngano kwa kufuata mtindo. Mkate haumdhuru mtu mwenye utumbo mzima, na hakuna sababu ya kuinyima familia chakula cha bei nafuu.

CHAKULA KIPO

Mama anapoambiwa mwanawe asile mkate, chapati, mahamri wala biskuti maisha yake yote, jambo la kwanza linalomjia ni: atakula nini? Katika baadhi ya maduka makubwa kuna unga na mikate ya kutoka nje iliyoandikwa kuwa haina gluteni, lakini bei yake si ya mfukoni mwa kila mtu. Habari njema ni kwamba haihitajiki. Bibi wa Pwani, kabla ngano haijaenea hivi, alilisha nyumba kwa mchele, mtama, wimbi, mahindi, muhogo, viazi vitamu, ndizi na nazi. Vyote hivyo havina gluteni.

Asubuhi, badala ya mahamri, kuna vitumbua vya mchele, vibibi, muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, au uji wa wimbi. Mbaazi za nazi zenyewe hazina kosa. Zikiliwa kwa vitumbua au kwa muhogo hushibisha vile vile. Mchana kuna sima ya mahindi au ya mtama kwa mchicha, kunde, pojo, dagaa au samaki. Kuna wali wa nazi kwa samaki wa kupaka. Pilau na biriani ni mchele na nyama. Ndizi mbichi za nazi, mihogo ya nazi, pure ya mahindi na maharagwe, mayai, maziwa, matunda yote, madafu na tende, vyote ni halali kwa mgonjwa.

Anayetamani mkate ana mkate wa kumimina. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa laini kwa tui zito la nazi pamoja na iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Kisha hutiwa sukari na ute wa yai, ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kuokwa kwa moto mdogo, makaa chini na juu. Wapishi wengine huongeza kijiko cha unga wa ngano ili ushikane. Kwa mgonjwa kijiko hicho kisitiwe.

Mkate wa mofa asili yake ni mtama, lakini siku hizi wengine huuchanganya na ngano, kwa hiyo anayenunua aulize. Na anayepika muhogo aumenye vizuri na kuuivisha, na ule mchungu asiupike bila kuulowesha na kuukausha inavyotakiwa.

Mgonjwa aliyepungukiwa na damu ahitaji pia chakula chenye madini ya chuma: maini, nyama, dagaa, kunde na mboga za majani, vikisindikizwa na ndimu, chungwa au embe ili mwili uyafyonze vizuri. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho. Isubiri saa moja au mbili. Unga wa mahindi wa paketi nchini Kenya hutakiwa kisheria kuongezwa vitamini na madini tangu mwaka 2012, kwa hiyo anayeacha ngano hakosi faida hiyo akila sima ya unga wa paketi.

NGANO ILIYOJIFICHA

Kuacha mkate ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni ile ngano isiyoonekana, kwa kuwa hata makombo madogo yakiliwa kila siku huuzuia utumbo kupona.

Mafuta ya kukaangia ndiyo ya kwanza. Muhogo wa kukaanga hauna gluteni, lakini ukikaangwa katika karai iliyotoka kukaanga viazi karai vya unga wa ngano, umekwisha kuchafuka. Bajia hutengenezwa kwa unga wa dengu, ila wauzaji wengine huongeza ngano. Viazi vya rojo huweza kufanywa vizito kwa unga huo huo. Mishikaki huweza kulowekwa katika sosi ya soya, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa ngano.

Ya pili ni mashine ya kusaga. Mtu hupeleka mtama wake safi mtaani, na mashine imetoka kusaga ngano ya mwenzake. Njia salama ni kwenda asubuhi kabla haijasaga kitu kingine, kumwomba mwenye mashine asafishe kwanza, au kusaga nyumbani. Unga wa uji wa mchanganyiko, ule wa nafaka saba au zaidi, mara nyingi huwa na ngano ndani. Bora mama anunue wimbi, mtama na mahindi mwenyewe, achague na kuosha kabla ya kusaga.

Ya tatu ni paketi. Tambi, makaroni, semolina na biskuti ni ngano. Soseji, supu za unga, viungo vilivyochanganywa na vinywaji vya kimea huweza kuwa na ngano au shayiri. Bia nyingi ni za shayiri. Oti kwa asili yake huvumiliwa na wagonjwa wengi, lakini mara nyingi huchafuliwa na ngano kiwandani. Msomaji wa paketi atafute maneno ngano, shayiri, rai na kimea. Alama ya ubora ya KEBS huonyesha bidhaa imetimiza viwango; haimaanishi kwamba haina ngano. Kwa kipimo cha kimataifa cha Codex, chakula kinachoandikwa kuwa hakina gluteni hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja.

Nyumbani, mgonjwa awe na kibao chake, mwiko wake na chujio lake. Chakula chake kipikwe kwanza, kisha cha wengine. Pale fedha zinaporuhusu, ni nafuu nyumba nzima kula wali au sima jioni kuliko kupika vyungu viwili.

HARUSI, FUTARI NA IBADA

Ugonjwa huu humwelemea mtu zaidi anapokuwa mbele ya watu. Kukataa sahani ya shangazi huonekana kiburi, na mgeni asiyekula bokoboko la harusi husemwa. Dawa ni kusema mapema. Mzazi amweleze mwenye shughuli siku kadhaa kabla kwamba mtoto ana maradhi yanayochochewa na ngano, na kwamba wali, nyama na kachumbari vinamtosha. Mama mkwe akishaelewa kwamba si uteuzi wa chakula bali ni tiba kama insulini kwa mwenye kisukari, mara nyingi ndiye huwa mlinzi wa kwanza.

Mwezi wa Ramadhani, futari ya tende, uji wa wimbi, mihogo na ndizi za nazi inamtosheleza mgonjwa. Sambusa na kaimati ziwekwe sahani nyingine na kijiko chake. Mkristo ambaye ibada yake hutumia mkate wa ngano azungumze na padri au mchungaji wake. Katika Kanisa Katoliki, kwa mfano, muumini huweza kupokea divai peke yake.

Shuleni, mwalimu aelezwe kwa maandishi. Uji wa shule uulizwe ni wa unga gani, na mtoto afundishwe mapema kutobadilishana biskuti na wenzake. Afundishwe bila kutishwa, ajijue kuwa yeye ni mzima anapokula chakula chake.

LA KUFANYA

Mwenye dalili zilizodumu, au mwenye mtoto asiyekua licha ya kutibiwa, afike zahanati akiwa na kadi ya kliniki na aulizie siliaki kwa jina. Asiache ngano kabla ya kupimwa. Akithibitika, aonane na mtaalamu wa lishe na kurudi kupimwa kama alivyopangiwa. Jamaa zake wa karibu nao wapimwe, hata wasipoumwa.

Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki chache, ingawa utumbo wa mtu mzima huweza kuchukua mwaka mmoja au miwili kupona. Watoto hupona upesi zaidi. Tumbo hurudi, hamu ya kula huja, na mstari kwenye kadi ya kliniki huanza kupanda tena.